Rwasanzu ya Mchana na Rwasanzu ya Usiku

Mama Medadi tulimzika mwaka huu, mvua za vuli zilipokuwa zimeshika. Aliyenipigia simu ni mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi katekista mwenye mvi, naye hakuzunguka: "Mwalimu, bibi ametutoka. Tunampeleka Ruhuha kesho mchana." Nikapanda basi Biharamulo alfajiri, nikashuka Rwasanzu na magoti yangu mabovu, nikapanda kilima nyuma ya jeneza nikiwa wa mwisho kabisa. Baada ya maziko, watu wakiwa wanakula maharage na ndizi chini ya turubai, mwalimu mkuu wa shule akaja kukaa karibu nami. Ni kijana mpole, ana simu kubwa na shati lililopigwa pasi vizuri. Akaniamkia, nikaitikia marahaba, kisha akaniambia kwamba wanataka kuandika historia fupi ya mji kwenye ukuta wa ofisi ya shule, mipaka na idadi ya watu wa zamani na wa sasa, lakini hakuna anayekumbuka mambo ya zamani. "Miaka ile ya vita, mwalimu, hapa palikuwa na wakazi wangapi?" Nikamuuliza, "Mchana au usiku?" Akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayecheka na mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, kisha akageukia sahani yake. Sikumlaumu. Swali lake lilikuwa la kawaida na jibu langu ndilo lililokuwa la ajabu, lakini lilikuwa jibu sahihi, nami nimeona niliandike kwa urefu unaostahili.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi nyumbani. Wazazi wangu wana haki ya kusimuliwa, ila si hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba niliyemaliza darasa la saba, na serikali ilikuwa imeamua kwamba watoto wote nchini waende shule. Walimu hawakutosha, kwa hiyo tukachukuliwa sisi, tukafundishwa huku tunafundisha. Watu walituita walimu wa UPE, na walivyolitamka neno hilo ungedhani ni jina la ugonjwa mdogo wa ngozi. Nilipangiwa Rwasanzu kiangazi kile kilichotangulia vita, na nikaondoka kiangazi kilichofuata. Nimefundisha shule nyingi tangu wakati huo, nyingine zenye umeme na mabomba, lakini nikiulizwa nilijifunzia wapi kuishi na watu, jina linalonijia kwanza ni hilo.

Darasa la tatu walitakiwa kujifunza jiografia ya kijiji chao, nami niliwafundisha hivi. Rwasanzu ni mji ulioko kando ya barabara ya vumbi itokayo Biharamulo kwenda Ngara. Mashariki kuna msitu, ambako basi linatokea. Magharibi kuna vilima, ambako basi linapotelea, na ukizidi kufuata huko, siku nyingine, utafika Kabanga, mpakani na Burundi. Kusini ni pori lenye mbung'o, hakuna anayelima. Kaskazini kuna bonde lenye mafunjo na chemchemi, na ng'ambo ya bonde kinasimama kilima cha Ruhuha, cheusi kwa migomba. Mji wenyewe ulikuwa mistari miwili ya nyumba, huku na huku kando ya barabara, zimepangwa kwa kamba kama watoto mstarini asubuhi. Kulikuwa na ofisi ya kijiji yenye bendera, ghala, duka la kijiji lililouza zaidi sehemu tupu za rafu, shule yenye majengo mawili na la tatu lisilo na paa, kanisa la udongo, msikiti usiozidi jiko kwa ukubwa, na mgahawa wa Mzee Saidi. Watoto waliandika yote hayo bila kosa. Nilipowauliza wakazi wa mji wanakaa wapi, wakatazamana, mmoja akaficha uso nyuma ya daftari. Nikadhani ni haya.

Wakazi walikuwa Wahangaza na Wasubi, familia chache za Warundi waliokimbia mauaji ya kwao, Wasukuma wawili watatu wenye ng'ombe, na Mzee Saidi aliyetokea Ujiji akiwa kijana na kusema kila mwaka kwamba mwakani anarudi. Kiswahili pale kilikuwa na saa zake kama ofisi. Asubuhi kilifunguliwa shuleni, dukani na barazani kwa mwenyekiti, na jua likianza kuinama kinafungwa, kila mtu anarudi kwenye lugha ya mama yake. Mimi mgeni nilibaki na Mzee Saidi, ambaye alinipa chai ya rangi bila sukari, kwa kuwa sukari haikuwepo, na akanipa habari, ambazo hazikukosekana kamwe.

Nilipangiwa nyumba ya Mama Medadi. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, na Medadi alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki, kijana wa rika la kaka zangu, mwenye mabega mapana na maneno machache. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, ukuta wa miti na udongo, paa la nyasi lililoezekwa kwa haraka na watu wasiotarajia kulala chini yake. Chumba cha nyuma kilikuwa na mafiga matatu na vyungu viwili. Nilishangaa kwamba mafiga yalikuwa safi kama mawe ya mtoni. Mama Medadi aliniletea siku ya kwanza ndizi zilizopikwa na maharage, akanitazama nikila mpaka mwisho, kisha akanipa maagizo. "Mwarimu, jioni uwashe moto. Kira jioni. Hata kama huna cha kupika, washa tu, uweke na majani mabichi kidogo."

"Majani mabichi si yataleta moshi, mama?"

"Ndiyo," akasema. "Moshi." Akachukua sahani akaenda zake.

Nilichukua majuma mawili kuelewa, na aliyenifungua macho ni Mzee Saidi, ambaye alikuwa amechoka kunisubiri nielewe mwenyewe. Watu wa Rwasanzu walikuwa watu wa Ruhuha. Miaka michache nyuma, wakati wa operesheni ya vijiji, waliteremshwa kutoka kwenye vibanja vyao, yale mashamba ya migomba yenye nyumba ndani yake, na kupangwa barabarani ili wapate shule na maji na zahanati. Shule walipata. Nyumba wakajenga, kwa kuwa waliamriwa na walisimamiwa. Lakini migomba ilibaki Ruhuha, na makaburi ya wazazi wao yalibaki ndani ya migomba, na ndizi zisipolindwa usiku huliwa na ngedere, nguruwe pori na majirani. Basi wakawa wanashuka asubuhi, wanahudhuria mkutano, wanapiga soga dukani, wanaonekana. Jioni wanavuka bonde kwa vijia vya mafunjo, mmoja mmoja, wanakwenda kulala kwao. Rwasanzu ya mchana ilijaa watu. Rwasanzu ya usiku ilikuwa mimi, Mzee Saidi, familia za Warundi ambazo hazikuwa na kilima cha kurudia, na nyumba zinazofuka moshi bila watu ndani. Kuna walioacha kuku wa kuwika uani. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Filbati, ambaye kazi yake ilikuwa kupita jioni kukagua moshi, aliacha redio yake ikiongea barazani, akavuka bonde naye, maana alikuwa na migomba mizuri kuliko wote. Nilicheka siku ile mpaka chai ikanipalia. Kisha nikaelewa kwamba na mimi nilikuwa kama redio ya Bwana Filbati, nimewekwa kwenye nyumba ya watu ili isikae kimya, nikanuna siku mbili.

Mama Medadi aliona nilivyonuna. Jumamosi akanichukua Ruhuha bila kunieleza tunakwenda wapi, na nadhani ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Ndani ya migomba kulikuwa na ubaridi na harufu ya majani yanayooza. Nyumba yake ya kule ilikuwa ya msonge, ya zamani, nyeusi ndani kwa moshi wa miaka, na moto wake ulikuwa unawaka mchana. Alinionyesha kaburi la mumewe na makaburi mawili madogo kando yake, akataja kila mgomba aliopanda na mwaka wa mvua gani. Tulikula viazi vitamu vya kuchoma, Medadi akatuletea juisi ya ndizi aliyokamua mwenyewe, akaketi akichonga mpini wa jembe. "Huku ndiyo nyumbani," mama akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei. "Kure chini ni kwa Serikari." Nilimpenda kuanzia hapo, na kila jioni niliwasha ule moto wa uongo kwa bidii.

Mambo yalibadilika Katibu Tarafa alipokuja na mkutano ukaitishwa mbele ya ghala. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, viatu vimejaa vumbi, na mtu fulani juu yake alikuwa ameshampigia kelele. Alisema anajua habari za moshi. Alisema anajua hata habari za redio, na Bwana Filbati akatazama bendera. Kisha akasema kwamba mvua kubwa zikikuta mtu bado analala kilimani, migomba yake itafyekwa, ili asiwe na sababu ya kurudi. Akasimama Mama Medadi, mikono kiunoni. "Bwana Mkubwa, mimi nimekubari kujipanga mstari. Na migomba nayo tuipange mstari?" Watu wakavunjika mbavu, hata Katibu Tarafa akashindwa kujizuia, lakini alipomaliza kucheka alirudia neno lake lile lile. Jioni ile watu walivuka bonde kama kawaida, wakiongea kidogo kuliko kawaida. Mama Medadi alikuwa na hofu. Aliniuliza mara tatu mvua kubwa zinahesabiwa kuanzia lini kwa kalenda ya ofisini.

Kabla ya mvua kubwa vikaja vita. Tulisikia kwa redio ya Bwana Filbati, watu wamesimama mpaka barabarani, kwamba majeshi ya Uganda yamevuka mpaka yameingia mkoani kwetu, upande wa kaskazini, na kwamba yatapigwa. Mimi nilikuwa na ndugu Bukoba, nikalia. Mzee Saidi akafunga mgahawa katikati ya mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa msiba wa nyumbani kwake. Siku zilizofuata vijana wa mgambo walikimbizwa mchakamchaka asubuhi na jioni na bunduki zao za mbao, Medadi akiwa kati yao, na tulijua kwamba gari litakuja, ila hatukujua siku.

Lilikuja asubuhi, lori kutoka upande wa Ngara, tayari limebeba vijana wa vijiji vingine wakiimba. Waliambiwa wana muda wa kuaga tu. Medadi alikuwa ameshuka mapema kuchota maji ya kujengea shule, kwa hiyo hapakuwa na wakati wa kupanda Ruhuha. Mama yake alifika akikimbia, jembe bado mkononi. Akamvuta ndani ya nyumba, chumba cha nyuma, ambako mimi nilikuwa nimepasha ugali wa muhogo wa jana. Akamwambia keti, kula. Akala palepale kando ya mafiga. Mama akasukuma kuni ndani, akapuliza mpaka moto ukawa mkubwa kupita haja. Medadi alinawa, akasema, "Mwalimu, umwangalie mama," akatoka, na lori likaondoka kuelekea msituni likiacha vumbi ambalo lilichukua muda kutulia.

Jioni ile nilikuwa nawasha moshi wangu wa kawaida alipoingia Mama Medadi na mkeka kichwani na kuku jike kwapani. "Reo narara hapa," akasema. Nikadhani ni kwa huzuni, hataki kulala peke yake kilimani. Kesho yake akalala tena, na kesho kutwa. Siku ya nne nikauliza, na alinijibu tu kwa sababu nilikuwa mwanamke na nilikuwa nimeshiriki bila kujua. Katika ukoo wao, anayekwenda vitani hulishwa kando ya moto, na moto ule unaachwa ukiwaka mpaka arudi auzime kwa mkono wake. Mama, au mke, hulala karibu nao. Mwenyewe anayekwenda haambiwi. Ni siri ya wanawake, na mwanamume huijua siku anapopewa maji auzime, kwa kuwa eti akijua mapema atakuwa anatazama nyuma, na anayetazama nyuma haoni kilicho mbele. Bibi yake Mama Medadi aliulinda moto wa babu hivyo wakati wa vita vya Wajerumani.

"Basi tuchukue kaa, mama, tupeleke Ruhuha. Utalala kwako, na moto ni uleule."

Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto anayesema jua linazunguka shule. "Moto wa safari hauhamishwi mafiga. Amekura hapa, narinda hapa. Ningerijua gari ritakuja siku ire, ningemshikiria kure juu." Kisha akasema jambo ambalo lilinichoma, kwamba nyumba aliyoichukia kuliko zote duniani ndiyo Mungu ameiwekea moto wa mtoto wake. Hakulia. Alichukua fimbo akapanga kaa.

Wanawake wengine ambao vijana wao walikula kwa haraka kwenye nyumba za barabarani nao wakateremka, wenye desturi hiyo na wasio nayo, kwa kuwa hofu inaambukiza na pia kwa sababu habari za vita zilifika barabarani kwanza. Usiku Rwasanzu zikaanza kusikika sauti za watu. Watoto walilia, vyungu viligonganishwa, na kulikuwa na kukohoa nyuma ya kuta. Bwana Filbati akaandika kwa Katibu Tarafa kwamba wananchi wameitikia wito wa serikali na sasa wanakaa kijijini. Hakuna aliyempinga. Habari ya kufyeka migomba haikutajwa tena, na haikuwa na haja, maana migomba ilianza kufa yenyewe.

Nilikaa na Mama Medadi ndani ya vyumba vile viwili kwa miezi ya mvua, na nilimjua kuliko nilivyowahi kumjua mtu yeyote. Alikuwa na ukali wa kuchosha. Alisema mikono yangu ni ya karani. Alinifundisha kusuka mkeka na akaufumua mbele ya macho yangu kwa kuwa haukukaza. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyotupa jirani Msukuma, tulikula dagaa wenye mchanga, na wiki moja ya senene tulikula kama mabwana. Usiku aliongea na moto kwa lugha yake, taratibu, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuishika lugha hiyo nilijifanya nimelala. Alikuwa anamweleza Medadi mambo madogo. Kwamba jembe limevunjika. Kwamba mwalimu amechoma maharage tena. Hakuniruhusu kamwe kumwonea huruma, na nilimwonea huruma wakati wote.

Viberiti vilitoweka dukani vita viliposhika, na jioni watu walikuja kwetu kuomba kaa la moto, mtoto mmoja na kigae, mama mwingine na jani bichi la mgomba. Mama Medadi aligawa bila kinyongo. Ikawa hakuna jiko Rwasanzu lisilowaka kwa moto wake. Na ni hilo lililotuokoa, maana mchana mmoja, yeye akiwa chemchemini na mimi shuleni, mvua ya mawe ilitoboa lile paa la haraka juu ya mafiga kabisa, na tuliporudi tulikuta tope jeusi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Aliketi kwenye tope lile akaweka kiganja juu ya mafiga kama anayepima homa. Mimi nilikimbia kwa Mzee Saidi nikiwa nimelowa, nikauliza moto wake ameutoa wapi. "Wapi tena, mwalimu? Kwenu, jana asubuhi. Haujazimika, nilipika maandazi." Nikarudi na kaa kwenye sufuria yake mbovu, nikiwa na wasiwasi kwamba Mama Medadi atasema si wenyewe. Aliinama akaupuliza. "Ni mtoto wake," akasema. "Amerudi kwao." Tukauwasha, na Fundi Bukuru, mshonaji Mrundi aliyekaa nyumba ya pili, akapanda juu na mvua ikinyesha akaziba paa kwa gunia bila kuombwa.

Lakini Ruhuha ilimwendea vibaya. Alijaribu kupanda mchana na kurudi, nami nikilinda moto nikitoka darasani, ila kazi ya kibanja si ya kupitia. Nguruwe waling'oa migomba michanga usiku, majani makavu yakarundikana, magugu yakafika kiunoni. Ngedere walikula mikungu yote ya mbele. Halafu nyumba ya msonge, isiyo na moto wa kukausha nyasi zake, ikaanza kuoza, na katikati ya masika upande mmoja ukaanguka. Siku hiyo alishuka na mlango wa matete kichwani, akauegemeza ukutani, akaniambia tu kwamba utafaa kwa kuni. Nilimuuliza kama hataki nimwombe Bwana Filbati watu wa kusaidia kulima. "Watu wapi?" akasema. "Vijana wameenda wote." Wiki ileile ikaja gari ndogo ya jeshi ikasimama nyumba ya sita upande wa pili, na mama mwenye nyumba akaanza kupiga yowe kabla hata hawajashuka. Mama Medadi alikwenda kukaa naye siku tatu za matanga, lakini kila baada ya muda alikuja mlangoni kwetu, anachungulia mafiga, anarudi kule kukaa chini na wenzake.

Redio ilitangaza ushindi. Kiangazi kikaanza, vumbi likarudi, na magari yakaanza kushusha vijana mmoja mmoja, wengine wakiwa na redio za kaseti, mmoja akiwa na mguu mmoja. Wote walishuka mbele ya ofisi, na Mama Medadi alikuwa amesimama mlangoni kwa kila gari, kisha anaingia ndani kusukuma kuni. Mimi nilikuwa nimeshapata barua ya kuhamishwa kwenda chuo cha ualimu. Sikutaka kuondoka kabla, na sikuthubutu kujiuliza kabla ya nini.

Asubuhi moja nilikuwa chemchemini najaza ndoo. Kulikuwa na baridi ya bondeni na ukungu juu ya mafunjo. Nikasikia mtu anashuka kijia cha Ruhuha, nikageuka nikijua kwamba siku hizo hakuna anayeshuka Ruhuha asubuhi. Alikuwa Medadi. Amekonda, amevaa koti la jeshi lisilo na vifungo, na magugu ya kunata yamejaa miguuni mpaka magotini. Macho yalikuwa mekundu. Hakunisalimia. Alisimama ng'ambo ya maji akaniuliza, "Mwalimu, mama mmemzika wapi?"

Sikuelewa. Nilisema, "Mama yupi?"

"Mama yangu. Nimefika nyumbani jana jioni. Sikupitia barabarani, nilishuka gari kabla ya mji nikakata kwa juu, nilitaka nimkute anapika. Nimekuta nyumba imeanguka, mafiga yamemea majani. Nimekaa kwenye kaburi la baba mpaka kumekucha. Nimetafuta kaburi lake ndani ya migomba yote, silioni. Niambie tu mmemweka wapi."

Nilitaka kucheka na kulia, vikaja vyote kwa pamoja, na nilichoweza kusema ni kwamba yuko nyumbani, anakoka moto. "Nyumbani wapi?" akauliza, kwa hasira kabisa, kama ninayemdhihaki. Nikaacha ndoo palepale, nikavuka maji nikamshika mkono wa koti, nikamvuta kupanda upande wa pili kama nilivyokuwa nawavuta watoto wa darasa la kwanza siku yao ya kwanza.

Mama Medadi alikuwa amesimama mlangoni, ametazama msituni, upande magari yanakotokea. Sisi tukatokea nyuma yake, uani. Aligeuka aliposikia kuku akilia. Alimwona mtoto wake, kisha akaona yale magugu miguuni mwake, na akajua ametoka wapi na amekuta nini. Sikuona furaha kwanza. Niliona amepigwa. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamwachia, akaingia ndani, naye akamfuata mpaka chumba cha nyuma. Nilibaki kizingitini. Mama alimpa kata ya maji, akamwonyesha mafiga. Medadi alitazama ule moto, akatazama mkeka uliolazwa kando yake, ncha yake moja imeungua kwa cheche, akatazama gunia lililoziba paa. Nadhani alianza kuelewa, lakini bado alikuwa na usiku wa Ruhuha kichwani, na alilouliza ndilo lililokuwa limemkaa rohoni.

"Mama, mbona ulihama?"

"Sikuhama," akasema. "Nilikuwa nakungoja."